Uvundo Katika Sampuli ya Kumi na Nne

Nyumbani kwa dada
3 Machi

Kwako Chiriku,

Niko hai. Naanza na hilo maana nawajua, mmekwisha kunizika na kugawana vikombe vyangu. Leo ni siku ya tatu tangu nipasuliwe. Shavu la kulia limevimba mpaka jicho limebaki ufa, na dada yangu mkubwa, anayeniuguza, amekigeuza kioo cha ukumbini kikatazama ukuta. Anasema ni kwa faida yangu. Mimi naona ni kwa faida yake.

Wewe peke yako nitakueleza nilichofanyiwa, na ukikipeleka kantini nitakukata ulimi. Yale magego matatu ya juu niliyong'olewa zamani, mfupa uliokuwa ukiyashika umelika. Juu ya mfupa huo, nyuma ya shavu, kuna chumba cha hewa kilichopakana na pua. Daktari amefungua ufizi, akainua sakafu ya hicho chumba, akajaza chembechembe za mfupa chini yake, akashona. Sasa tunangoja miezi sita zigande, ndipo anipande meno ya kudumu. Utauliza kwa nini sikuvaa meno ya bandia ya kubandika kama wenzangu. Nilivaa, mwanangu. Mwaka mzima nilivaa nikakuficha. Lile bamba linafunika kaakaa, na kaakaa likifunikwa naonja nusu ya chai. Unakumbuka siku ile nilipoingiza mkono mzima kwenye ndoo ya kutemea, nikakwambia natafuta kijiko? Haya, sasa umejua nilichokuwa natafuta.

Masharti ni mengi kuliko ya jela. Nisipenge kamasi. Nikipiga chafya, nipanue mdomo kama kiboko. Nisinywe kwa mrija, nisiteme, nisiiname, nisinyanyue hata birika, nilalie mito miwili. Na nisifyonze. Hilo nilimuuliza daktari mara tatu, nikamwonyesha kwa mkono tunavyoonja sisi: kijiko mdomoni, unavuta kwa nguvu mpaka chai inapiga nyuma ya pua, kisha unatema. Akavua miwani. Akasema, "Mama, katika yote niliyokukataza, hilo ndilo baba yao. Mvuto mmoja unaweza kufungua kila nilichoshona."

Kwa hiyo utaonja wewe. Miaka sita umesimama pembeni yangu, inatosha. Lakini saini inabaki yangu. Dereva anashuka mjini kila Jumanne na Ijumaa. Mpe bahasha ya majani na maelezo yako, jioni atakupandishia majibu. Nitayatazama majani na kuyavunja kwa vidole, basi. Usipige simu, mdomo huu hauongei, na majani hayapiti kwenye waya.

La mwisho, lishike sana. Meneja anajua nimekwenda kung'oa jino. Abaki anajua hivyo. Mwonjaji akishasemwa kwamba pua yake ina hitilafu, amemwaga unga, iwe kweli iwe uongo.

Mama Kijiko
Mwonjaji Mkuu

*

Kiwandani
6 Machi

Shikamoo Mama,

Pole, pole, na pole tena! Nimesoma barua yako nimejifungia stoo, nikalia kidogo, halafu nikafika kwenye ndoo ya kutemea nikacheka mpaka mlinzi akagonga mlango. Siri yako iko salama. Najua mimi ni Chiriku na jina hilo ulinipa wewe, ila kuna mambo hata chiriku anayameza.

Huku tunakwenda. Jana niliweka vikombe vyako kwenye mstari, nikavaa aproni yako (samahani, yangu ina doa), nikajikuta nasimama pale pale ninaposimama siku zote, pembeni, nakungoja. Meneja akapita akaniuliza, "Vipi, meza inajiendesha yenyewe?" Nikasogea.

Babu Joto anakusalimu. Alikuja na kofia yake mkononi, jasho linamtoka, akasema, "Mwambie Mama Kijiko jino moja halimlazi mtu wiki nzima, labda kang'olewa na taya." Nikamwambia ni gego kubwa. Akasema hata yeye gego lake la mwisho aling'oa kwa koleo la kikaushio. Sijui kama ni kweli. Yule mzee miaka ishirini na sita anakausha chai na bado anamgusa kila mtu kwa mikono ya moto akisema habari.

Nimekufungia sampuli ya kumi na mbili, ya kumi na tatu na ya kumi na nne. Mimi nimeziona safi zote. Ya kumi na mbili ina ukali mzuri, ya kumi na tatu laini, ya kumi na nne ndiyo nimeipenda kuliko zote. Lakini roho iko juu. Niambie kama nimekosea.

Mwanao,
Chiriku

*

Nyumbani kwa dada
10 Machi

Kwako Chiriku,

Uvimbe umeshuka, sasa shavu ni la njano kama papai. Juzi nilipiga chafya, nikapanua mdomo kama nilivyoagizwa, uji ukafika ukutani. Dada alifuta. Ana subira yule, ila vyombo anaviweka kwa kishindo.

Ya kumi na mbili, sawa. Ya kumi na tatu, sawa. Ya kumi na nne, zuia.

Ina uvundo. Si mwingi, uko mwishoni kabisa, unakuja chai ikiwa imeshapita. Ni ule wa majani yaliyotolewa kikaushioni yakiwa bado na unyevu, yakafungwa, yakaanza kuoza ndani ya mfuko. Wewe bado hujakutana nao, ndiyo maana umekupita. Andika "uvundo, unyevu", mzigo wote usimame, nami nitasaini.

Usiniulize nimejuaje. Mimi kazi hii nilianza wewe hujaota meno.

Mama Kijiko
Mwonjaji Mkuu

*

Kiwandani
13 Machi

Shikamoo Mama,

Nimefanya kama ulivyosema. Mzigo umesimama. Meneja alitoka ofisini na karatasi mkononi akaniuliza mbele ya watu, "Wewe uliuandika safi Alhamisi, leo una uvundo. Umeoza kwa siku tano?" Nikasema Mama Kijiko ameusikia. Akarudi ofisini na karatasi yake. Jina lako bado linafunga midomo huku.

Sasa naomba nikuulize bila kunikaripia. Nimeirudia ya kumi na nne mara nne. Ya moto, ya vuguvugu, ya baridi, hata nimeilaza kutwa nikaionja imekufa. Uvundo sijausikia. Nimewapa wasichana wawili wa kufungasha, nao hawakusikia kitu, ila wao wangekunywa hata maji ya kuoshea vikombe. Babu Joto ameitwa. Amesema moto ni ule ule, muda ni ule ule. Aliniuliza, "Mama mwenyewe kasema?" Nikamwambia ndiyo. Akarudi kikaushioni, nikamwona anaingiza mkono kwenye majani, anautoa, anaunusa.

Na la pili. Mama, uvundo unaokuja chai ikiwa imeshapita hauonekani kwa macho wala kwa vidole. Umeonja?

Nimetia ya kumi na tano, kumi na sita na kumi na saba.

Chiriku

*

Nyumbani kwa dada
17 Machi

Kwako Chiriku,

Umekua siku hizi, unanihoji. Ndiyo, nimeonja. Kijiko kimoja cha chai, polepole, nusu mvuto, na nilitemea kwenye leso kama bibi harusi. Sikufa. Ijumaa nilikwenda kutolewa nyuzi na daktari ameridhika. Aliniuliza kama nina ladha mbaya mdomoni. Nikamwambia ladha mbaya ninayoijua mimi iko kwenye majani ya kiwandani kwetu, si mdomoni. Akacheka, mimi nikacheka, nikaja zangu.

Nina mafua kidogo tu. Maji ya chumvichumvi yanashuka upande ule ule, na shavu ni zito nikiinama. Dada anasema nimepauka. Dada angemwambia hata bwana harusi kwamba amepauka.

Sasa kazi. Ya kumi na tano, uvundo. Ya kumi na sita, uvundo mpaka nyuma ya macho. Ya kumi na saba, uvundo. Chiriku, hii si bahati mbaya tena. Kikaushio kinatoa majani mabichi, na anayekiendesha ama amezeeka ama anasinzia. Nampenda Babu Joto kama unavyompenda wewe, lakini chai haijui mapenzi. Nimemwandikia Meneja moja kwa moja, barua iko kwenye bahasha hii hii, mpelekee bila kuifungua.

Na wewe jifunze. Usiposikia kitu ninachokisikia mimi, tatizo halipo kwenye kikombe.

Mama Kijiko
Mwonjaji Mkuu

*

Kiwandani
20 Machi

Mama,

Babu Joto amesimamishwa kazi tangu jana. Meneja alimsomea barua yako kwenye korido, mlango wazi. Hakubisha. Aliuliza tu kama sampuli zote nne ni za zamu yake, akaambiwa ndiyo. Akazima moto mwenyewe, akamwonyesha yule wa zamu ya jioni mlango unaokwama, akaenda zake. Kofia yake bado imetundikwa kwenye msumari.

Kikao cha nidhamu ni Jumamosi ya tarehe tano Aprili.

Nimetia ya kumi na nane, kumi na tisa na ishirini. Niandikie unachosikia, kila moja peke yake.

Chiriku

*

Nyumbani kwa dada
24 Machi

Kwako Chiriku,

Barua yako kavu kama mbao. Umeninunia. Nuna, mwanangu, ukimaliza utaniambia. Unadhani mimi nimelala usingizi? Ishirini na sita yake kikaushioni, thelathini yangu mezani, na vibarua tulianza pamoja. Lakini nisipoisema chai mbovu kwa sababu ya urafiki, basi niuze mitumba.

Ya kumi na nane: uvundo, mzito. Ya kumi na tisa: uvundo, mzito zaidi, na kama chuma kwa mbali. Ishirini: hiyo sikuimaliza, niliimwaga.

Ajabu ni kwamba ameondoka na uvundo haujaondoka. Basi ni mashine yenyewe, au mifuko. Waambie wakague mifuko. Sina hamu ya kula, kila kitu katika nyumba hii kinanuka. Maji ya bomba yananuka. Nimemwambia dada abadilishe sabuni, hata foronya ninayolalia inanuka. Amenitazama tu, akaenda kuifua tena. Mji huu mchafu, nataka kurudi kwangu.

Mama Kijiko
Mwonjaji Mkuu

*

Kiwandani
27 Machi

Mama yangu,

Nimeandika barua hii mara tatu na kuichana. Ningeweza kukupigia simu, lakini najua ungesema "Chiriku" kwa ile sauti yako na mimi ningefyata. Barua huwezi kuikatiza. Naomba uisome mpaka mwisho ndipo unitukane.

Ya kumi na nane, kumi na tisa na ishirini ni chai moja. Sikuitoa kikaushioni. Niliitoa kwenye kopo la bati lililo juu ya rafu yako, lile la kipimo, ulilolifunga mwenyewe mwaka jana ukabandika karatasi na kuandika kwa mkono wako: "Hii ndiyo chai safi. Ukiwa na shaka, rudi hapa." Nilikuwa na shaka. Nikarudi hapo. Nikavunja gundi yako, nikachota, nikaipa namba tatu.

Nimekutega, Mama. Naijua kazi hii, najua mwanafunzi hamtegi mwalimu wake. Kama kungekuwa na njia nyingine ningeifuata.

Kopo ni safi. Nimelionja mara kumi. Uvundo hauko kwenye chai. Hauko kwenye mifuko, wala kwenye maji ya bomba, wala kwenye foronya. Uko ndani yako, kwenye kile chumba cha hewa ulichonieleza. Ya kumi na nne ilikuwa safi na mimi niliyeiandika safi nilikuwa sahihi, na Babu Joto hakukosea hata dakika moja. Wewe pua yako haijakudanganya, imesikia uvundo wa kweli kabisa. Umekosea ulipo tu. Hayo maji ya chumvichumvi, huo uzito wa shavu, hicho chuma: nenda kwa daktari leo hii. Si kesho, leo. Naogopa, Mama. Pale ni karibu na jicho.

Meneja sijamwambia. Mara mbili nimekaa kwenye benchi nje ya mlango wake na mara mbili nimeondoka, maana nikisema nimekumaliza, na nisiposema amekwisha Babu Joto. Nakuachia wewe. Ila kikao ni tarehe tano na hakitangoja.

Mwanao, hata usiponitaka,
Chiriku

*

Nyumbani kwa dada
28 Machi

Dereva anapiga honi getini kwa hiyo nasema mafupi.

Miaka sita nimekulea kwenye meza yangu. Nilikupa kijiko, nilikupa jina, nilikuaminia siri ambayo hata meneja wangu haijui, na ulichofanya ni kupanda juu ya kiti, kuvunja kopo langu na kunitegea mtego kama panya. Sasa unataka meza. Ungeomba. Umeona heri unizushie ugonjwa.

Pua yangu haina kitu. Usiniandikie tena.

Mama Kijiko
Mwonjaji Mkuu

*

1 Aprili

Kwako binti,

Hatujuani. Mimi ni dada yake mkubwa Mama Kijiko, yule wa kuweka vyombo kwa kishindo. Najua ananisema, barua anaziacha mezani.

Ijumaa baada ya kukuandikia yale, alikaa jikoni. Kabla ya magharibi akaniita. Akasema, "Dada, njoo uninuse." Nikadhani anatania. Akapanua mdomo, akakunja macho kama mtoto anayengoja sindano. Nikanusa. Akaniuliza, "Kuna kitu?" Nikamwambia kipo. "Tangu lini?" Nikamwambia tangu wiki ya pili.

Binti yangu, nilikuwa nausikia siku zote hizo. Nilikuwa nafua foronya zile nikijua ni za nini. Sikumwambia. Huyu ni mtu wa pua, nchi nzima inamsikiliza anavyonusa, mimi mwosha vyombo nimwambie ananuka? Niliona haya. Nikasema daktari atamwambia. Daktari aliuliza, yeye akajibu mzaha. Kila mtu alikuwa anamheshimu, na heshima hiyo nusura imzike.

Aliingia chumbani. Asubuhi nilimkuta anatetemeka, homa kali, jicho la kulia limevimba halifunguki. Nilimpeleka kwa daktari nimemshika kama mlevi. Wamefungua tena. Usaha ulikuwa umejaa. Chembe zote za mfupa zimetolewa, pamesafishwa, hakuna iliyobaki. Daktari anasema zingekaa siku tatu nne zaidi tungekuwa tunazungumza habari ya jicho, au mbaya kuliko jicho. Sasa yuko wodini, ana dripu, homa imeshuka tangu jana.

Barua yako ya mwisho iko chini ya mto wake, imekunjwa mara nne.

Asante kwa kusema nilichoshindwa kusema mimi.

Dada yake

*

Kiwandani
3 Aprili

Mama,

Umenikataza kuandika. Nimekaidi, utaniadhibu ukipona.

Namshukuru Mungu kwa jicho lako. Hilo kwanza.

La pili, jana nilikaa kwenye lile benchi mara ya tatu na safari hii niliingia. Nilimwambia Meneja kwamba kwa ulimi wangu sampuli zote ni safi. Sikusema kuhusu upasuaji wako. Akaniambia, "Mezani nina barua ya mwonjaji mkuu, imesainiwa, inasema kikaushio kinatoa majani mabichi na mwendeshaji amezeeka. Wewe una nini?" Nikasema nina ulimi. Akasema ulimi hauwekwi kwenye faili.

Nilipita kwa Babu Joto. Alikuwa kakaa barazani na shati la kazi amelivaa, limepigwa pasi. Hakukutaja kwa ubaya. Aliniuliza unaendeleaje na jino.

Kikao ni Jumamosi saa nne asubuhi. Dereva atakuwa wodini kwako kesho mchana na atangoja kwa nusu saa. Sikuombi kitu. Nakupa saa tu.

Chiriku

*

Wodini
4 Aprili

Kwa Babu Joto, na kwa Meneja. Isomwe kwa sauti kikaoni, asisome mtu kimoyomoyo.

Ndugu yangu,

Sikung'oa jino. Nilipasuliwa ufizi, nikajazwa mfupa chini ya chumba cha hewa cha shavu ili nipandwe meno. Niliwaficha wote kwa sababu niliogopa kuambiwa pua yangu mbovu. Daktari alinikataza kufyonza. Tarehe saba Machi, dada akiwa sokoni, nilichemsha maji nikafyonza ya kumi na nne, na si nusu mvuto kama nilivyomwandikia Chiriku. Nilivuta kama navuta kiwandani, maana nilitaka kujua kama bado ni mimi. Kikalia kitu ndani ya shavu, kidogo tu, kama kifungo kinachokatika. Asubuhi yake nikakuta chembe mbili nyeupe kwenye leso. Nikazitupa. Sikumwambia mtu.

Tangu hapo palianza kuoza, na nilipoionja tena siku mbili baadaye ikanuka. Nami kila nilichonusa kilinuka kama palipooza. Nikaandika kwamba ni chai yako.

Sampuli ya kumi na nne ilikuwa safi. Ya kumi na tano safi, ya kumi na sita safi, ya kumi na saba safi. Kikaushio chako hakikutoa jani bichi hata moja. Uvundo ulikuwa wangu, Babu Joto. Nilikusikia wewe unanuka kumbe ni mimi.

Nimeandika kwamba umezeeka. Hilo ndilo linalonichoma, maana halikuwa la lazima. Uvundo ningeweza kukosea, lakini hilo neno nililichagua nikiwa na akili zangu.

Meneja, barua yangu ya Machi naifuta. Sina saini ya kuweka kwenye chai yoyote kwa sasa. Daktari anasema tutaanza upya baada ya miezi kadhaa, pengine. Leo asubuhi dada ameniletea limau, nimelikata na kulinusa, sikusikia kitu. Huenda pua itarudi, huenda isirudi, hajui na mimi sijui. Meza ina mtu. Aliniandikia ukweli nikiwa bosi wake, na mimi nikamwita mwizi wa kiti. Mpeni kalamu.

Chiriku, kopo lile lifunge tena. Karatasi andika kwa mkono wako.

Mama Kijiko

*

Kiwandani
8 Aprili

Kwa Mama Kijiko,

Barua yako ilisomwa. Alisoma Chiriku, maana Meneja alisema hana miwani. Alikuwa nayo mfukoni. Chiriku alilia kwenye neno limau ikabidi tungoje.

Mimi si mtu wa kuandika, utanivumilia. Siku zile kumi na saba nilizokaa nyumbani nilikuwa nanusa mikono yangu. Asubuhi nanusa, mchana nanusa. Mke wangu akaniuliza, "Unatafuta nini?" Nikamwambia natafuta kosa. Sikuliona, lakini sikusema halipo. Wewe ukisema chai ina uvundo mimi sijawahi kukubishia, tangu tuko vibarua. Nilikuamini wewe nikaacha kukiamini kikaushio changu. Hilo limeniuma kuliko kusimamishwa.

Nimerudi zamu ya asubuhi. Kofia niliikuta pale pale. Chiriku ndiye anasaini sasa, na anafyonza kwa kelele kuliko wewe, tunamsikia mpaka huku.

Msamaha sitoi kwa barua. Ukipona njoo hapa, simama karibu na mlango wa moto ninaposimama mimi, useme hayo kwa mdomo wako, jasho likutoke. Nitakujibu hapo hapo. Usipokuja nitakufuata.

Nakutumia majani ya jana kwenye karatasi. Usiyaonje, dada yako nimemwagiza akuchunge. Pua kama haijarudi, iache. Tia vidole ndani, vunja jani moja, usikilize. Limekauka.

Babu Joto